Kupanda Mto Pangani: mwongozo wa kutembelea mji wa kale, magofu na mashamba ya mkonge

Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, hupita katika bwawa la Nyumba ya Mungu, hushuka kando ya milima ya Usambara na kuingia baharini baada ya mwendo wa takriban kilomita 500. Mwongozo huu unahusu sehemu ya chini tu, kuanzia mlangoni mwa mto hadi Korogwe, kwa sababu msafiri mwenye siku tatu anaweza kuona humo makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita, mji uliosafirisha pembe za ndovu na watumwa, mahali mkonge ulipopandwa kwa mara ya kwanza nchini, na viwanda ambavyo hadi leo vinakwangua majani yake. Wageni wengi hufika Pangani kwa ajili ya fukwe za Ushongo, wakavuka mto na kuendelea na safari bila kuuliza majengo yale yaliyobomoka ukingoni ni ya nini. Nimewaandikia wale wanaotaka kusimama na kuuliza.

Ninashauri safari ianzie baharini na kupanda juu, wala isishuke. Historia ya bonde hili iliingia kwa njia hiyo: misafara ya kwenda Kilimanjaro na Umasaini ilifungashwa pwani, mashamba ya miwa yalianza ukingoni karibu na mji, na mkonge ulianzia ng'ambo ya mto ndipo ukafuata reli kwenda bara. Anayeanzia Korogwe atakiona kiwanda kabla ya kuelewa kwa nini kiko pale.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi, kisha chagua siku

Epuka masika, yaani Machi hadi Mei, kwa sababu njia za mashambani hugeuka tope na gari dogo halipiti. Juni hadi Septemba ni miezi mizuri zaidi, na Januari na Februari inafaa pia kwa mtu anayestahimili joto.

Ukishachagua mwezi, tazama mwezi wa angani. Katika pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, huzidi mita 3, na tofauti hiyo huingia mtoni. Bamvua huwa siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kisha kila siku huchelewa kwa karibu saa moja. Kwa hiyo anayetaka kupanda mto kwa boti alasiri, jua likiwa limepoa, na apange siku ya boti iangukie kwenye bamvua au siku moja baada yake. Mimi safari ya kwanza sikuliangalia jambo hili. Tulikwama kwenye fungu la matope kwa zaidi ya saa mbili tukisubiri maji yapande, na giza likatukuta bado tumo mtoni, ambako mamba wapo.

Hatua ya pili: omba ruhusa kabla ya kuondoka nyumbani

Vitu vya kutembelewa hapa ni vya aina tatu, na kila aina ina mwenyewe. Magofu kama ya Tongoni yako chini ya mamlaka ya mambo ya kale, yana mlinzi, na kiingilio hulipwa palepale kwa stakabadhi. Majengo ya mjini Pangani mengine ni ofisi za serikali na mengine ni nyumba ambazo watu wanaishi humo. Mashamba ya mkonge ni mali ya kampuni, na kazi inaendelea humo kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu.

Kwa ajili ya mashamba, andika barua fupi kwa meneja wa shamba angalau wiki mbili kabla, ukitaja idadi ya watu, siku, saa, na unachotaka kuona: mashamba yenyewe, kiwanda, au majengo ya zamani. Wengi wanaonyimwa ruhusa hunyimwa kwa sababu walitokea getini bila taarifa wakiwa na kamera. Walimu wanaoleta wanafunzi waambatishe barua ya shule. Kwa mji wa Pangani, mtafute mwongozaji wa utalii wa utamaduni, mpatane bei mapema, na umweleze wazi kwamba unataka majengo na historia, la sivyo atakupeleka ufukweni kama wengine.

Hatua ya tatu: anzia Tongoni

Ukitoka Tanga mjini kuelekea Pangani, baada ya takriban kilomita 20 utafika Tongoni. Si ukingoni mwa mto, lakini usiipite, kwa sababu inakuonyesha pwani ilivyokuwa kabla ya mashamba makubwa. Kuna gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa na nguzo za mawe, na kwa wingi wa makaburi ya namna hiyo mahali pamoja Tongoni haina mpinzani katika Afrika Mashariki. Sasa nguzo nyingi zimelala chini. Tazama zilizosimama kwa makini: utaona vishimo vya duara juu yake, ambamo bakuli za kauri zilizoletwa kwa bahari zilipachikwa kama pambo. Bakuli zimeng'olewa zamani. Vasco da Gama aliyafahamu maji haya, na Januari 1499, wakati wa kurudi kutoka India, mabaharia wake waliichoma moto moja ya merikebu zao kwenye mafungu ya huku kwa kukosa watu wa kutosha kuiendesha.

Mambo mawili ya kuzingatia: usiikanyage wala kuiegemea nguzo, na usiokote kigae hata kimoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuondoa vitu hivyo, na zaidi ya sheria, haya ni makaburi ya watu.

Hatua ya nne: tembea mji wa Pangani kwa miguu asubuhi

Lala Pangani, na utoke saa moja asubuhi kabla jua halijakaza. Anzia kivukoni, kwa kuwa mji wote ulijengwa kwa kuutazama mto. Hapo utaiona forodha ya zamani na gofu ambalo wenyeji huliita gereza au ghala la watumwa. Simama hapo na utazame ng'ambo, Bweni. Mwaka 1873 Sultani Barghash alipolazimishwa na Waingereza kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, biashara haikukoma siku hiyo. Wafanyabiashara waliwatembeza watu kwa miguu kutoka Kilwa kufuata pwani hadi huku, kisha wakawavusha usiku kwa majahazi kwenda Pemba, ambako mashamba ya karafuu yalihitaji mikono. Pangani ilipata faida katika marufuku yenyewe. Mwongozaji asipolitaja jambo hili, muulize.

Kutoka kivukoni ingia mtaa wa Wahindi. Usitembee haraka. Chagua nyumba moja ambayo chokaa yake imebanduka, usimame mbele yake kwa dakika kumi. Utaona ukuta wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa ya kuchomwa, na juu, pale dari ilipoanguka, vichwa vya boriti za mikoko vikichungulia kwa mstari ulionyooka. Boriti ya mkoko haizidi sana mita 3 kwa urefu unaofaa kubeba dari, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu, hata nyumba za matajiri. Mkono wa fundi uliongozwa na mti wa mtoni. Kisha tazama mlango: kama ubao wa nakshi bado upo, mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kuutazama kwa karibu, ukianza kwa hodi na salamu, na kwa mkubwa wako shikamoo. Kwangu mimi hapa pana maarifa mengi kuliko ndani ya boma, lile jengo la zamani la utawala.

Boma nalo usiliache. Mwaka wa kujengwa unaotajwa siku zote na wenyeji ni 1810, enzi ya Waomani, na Wajerumani walilibadilisha walipolifanya makao yao. Utasimuliwa kwamba watu walizikwa hai chini ya nguzo zake ili jengo lisimame imara. Yapokee masimulizi hayo kama kumbukumbu ya mji juu ya ukatili uliotendeka, wala usiyadai ushahidi wa kuchimbuliwa. Kwa kuwa jengo hili limetumika kama ofisi za wilaya, ingia wakati wa saa za kazi, ueleze shida yako mapokezi, na usipige picha ndani bila kuruhusiwa.

Kwa mwongozaji, omba akusimulie Agosti 1888 mkiwa mjini, si mezani hotelini. Sultani Khalifa alikuwa amekodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na wakala wake hapa, Emil von Zelewski, alitaka kupandisha bendera ya kampuni juu ya mji. Wanahistoria wanaeleza kwamba watu wake waliingia msikitini siku za Idi wakiwa na viatu na mbwa. Hasira iliyofuata haikuwa ya tabaka moja. Walikuwamo wenye mashamba, wapagazi, wavuvi na watu wa bara waliokuja mjini kwa biashara. Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani, ndiye aliyekuja kuwa kiongozi anayekumbukwa. Hermann Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliuteka mji Julai 1889, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa hapa Pangani. Mwambie mwongozaji akupeleke mahali panapotajwa, na mkifika mkae kimya kidogo kabla ya picha.

Hatua ya tano: vuka kwenda Bweni na Kikogwe

Vuka kwa kivuko. Ulizia mapema saa za mwisho, na uliza pia hali ya daraja jipya linalounganisha barabara ya pwani ya Tanga, Pangani na Bagamoyo, kwa kuwa usafiri wa eneo hili unabadilika. Hata kama unaweza kupita darajani, kutazama mji kutoka majini ni sehemu ya ziara.

Upande wa kusini ndiko iliko Kikogwe. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ile ile ya Kijerumani, alileta miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye miche hiyo 62 vilizaliwa vitalu, vitalu vikazaa mashamba, na miaka 70 baadaye Tanganyika ilikuwa inauza nje zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, ikiongoza ulimwenguni. Usitarajie jumba la makumbusho. Utaona ardhi, minazi, na mkonge, na utahitaji mwenyeji wa kukuonyesha kilichopo. Nenda hata hivyo, kwa sababu ni mahali pachache ambapo unaweza kukanyaga chanzo cha jambo lililobadilisha nchi nzima.

Na kabla ya mkonge kulikuwa na miwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 kingo za mto huu zilijaa mashamba ya sukari ya Waomani na Waswahili, yaliyolimwa na watumwa, na asali ya miwa na sukari guru vilisafirishwa hadi Unguja na kwingineko. Kazi ya miwa ilikuwa ngumu kuliko ya minazi, kwa kuwa mmea ukishakatwa lazima usagwe na kuchemshwa mara moja, usiku na mchana. Katika miaka ya 1870 watumwa wa mashamba haya walitoroka kwa wingi na kujijengea vijiji vyenye maboma vya watoro, vikawashinda mabwana waliotaka kuwarudisha. Ukiongozwa kwenye shamba lolote la zamani la ukanda huu, baada ya kuonyeshwa nyumba ya mwenye shamba uliza nyumba za waliolima zilikuwa wapi, walizikwa wapi, na maji ya kunywa waliteka wapi. Mara nyingi jibu liko hatua mia mbili tu, na hakuna aliyewahi kuliulizia.

Hatua ya sita: panda mto kwa boti

Sasa ile siku ya bamvua inakufaa. Kodi boti mjini, hakikisha kuna jaketi la kuokolea kwa kila abiria, na muondoke saa moja kabla maji hayajajaa ili mkondo uwasukume kupanda na kupwa kuwarudishe. Saa mbili hadi tatu zinatosha. Usitumbukize mkono majini, na watoto wakae katikati ya boti.

Mwanzoni utaona mikoko pande zote mbili, kisha minazi iliyoinamia maji. Tazama minazi hiyo vizuri: mingine imebaki shina tu bila kilele. Mabwawa na umwagiliaji wa huko juu vimepunguza nguvu ya maji matamu, na maji ya chumvi yanapanda mbali zaidi kuliko zamani, yakiharibu mashamba ya ukingoni. Nahodha mzoefu atakuonyesha hadi wapi chumvi inafika sasa na ilikuwa inafika wapi utotoni mwake. Kwa njia hii walipita pia wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke mwaka 1857, walipopanda kutoka Pangani kwenda Fuga kwa mfalme Kimweri wa Usambara.

Hatua ya saba: ingia bara, Hale na kiwanda cha mkonge

Barabara haifuati mto. Kutoka Pangani panda hadi Muheza, kisha ufuate barabara kuu kuelekea Segera, na utaupata mto tena Hale. Hapa maji yaligeuzwa umeme: kituo cha kwanza cha maporomoko ya Pangani kilianza katika miaka ya 1930, kituo cha Hale chenye megawati 21 kikafuata mwaka 1964, na kituo kipya cha Pangani chenye megawati 68 mwaka 1995. Vituo hivi huingiwa kwa kibali cha TANESCO, shirika la umeme, pekee, na kuvipiga picha bila kibali ni kujitafutia matatizo bure.

Asubuhi inayofuata nenda shambani kwa wakati mliokubaliana na meneja. Vaa viatu vya kufunika, suruali ndefu na mikono mirefu, kwa kuwa ncha ya jani la mkonge huchoma kama sindano na maji yake huwasha ngozi. Wafunge watoto nywele ndefu, na asiwepo mwenye kanga au mtandio unaoning'inia karibu na mashine.

Omba uanzie kwa wakataji. Mkataji hukata majani ya chini, huondoa ncha kwa kisu, na kufunga mizigo ya majani 30. Kisha fuata mzigo hadi korona, yaani mashine ya kukwangua, ambayo humeza majani upande mmoja na kutoa singa, yaani nyuzi za mkonge, upande wa pili, huku maji yakimwagwa bila kukoma. Kelele ni kubwa. Maelezo yote yaombe kabla hamjaingia. Singa hutoka zikiwa na rangi ya kijani hafifu, zimelowa, nzito mkononi kama nywele zilizooshwa, na ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Asilimia zilizobaki ni maji na makapi. Ukiyaona makapi hayo na mfereji unaoyachukua ndipo utaelewa kwa nini mashamba haya yalishikamana na mto na vijito vyake: bila maji mengi hakuna mkonge mweupe. Kutoka hapo singa huanikwa juani kwenye nyaya, hupigwa brashi, na kushindiliwa katika marobota ya kilo 250.

Baada ya kiwanda, omba kupita kambini. Nyumba za safu za kambi ndizo jengo muhimu zaidi la shamba la mkonge. Humo waliishi manamba, vibarua wa mkataba waliochukuliwa Kigoma, Songea, Njombe, Singida, Msumbiji na Ruanda-Urundi, na kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30 za kazi zilizokamilika, siyo siku 30 za kalenda. Wengi hawakurudi makwao, na wajukuu wao ndio wakazi wa leo. Mzee mmoja niliyemkuta kibarazani aliniambia baba yake alifika akiwa hajui neno la Kiswahili, na alijifunzia lugha kwenye foleni ya posho. Ukikutana na mtu wa namna hiyo, kaa chini, usitoe kinasa sauti kabla hujaomba, na usimpe fedha kana kwamba unanunua maneno yake. Sukari na majani ya chai ukiaga vinatosha na vina heshima.

Hatua ya nane: malizia Korogwe

Korogwe inatosha nusu siku. Reli ya Usambara, iliyoanza Tanga mwaka 1893, ilifika hapa mwaka 1902, na kutoka hapo inafuata bonde la mto kuelekea Mombo. Nenda stesheni, kisha uende kwenye daraja utazame mto ambao wenyeji wa huku wengi huuita Ruvu. Mashamba ya Magunga na Ngombezi yako karibu na mji, nayo pia huhitaji barua. Mashamba mengi ya ukanda huu yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, bei ya mkonge ikaanguka kwa ushindani wa kamba za plastiki, na katika miaka ya 1990 yakauzwa tena. Ndiyo maana utaona katika shamba moja jumba la meneja lenye bustani, kiwanda kinachofanya kazi, na kingine kilichoota miti ndani.

Kwa safari yote beba fedha taslimu, maji ya kunywa, kofia, dawa ya mbu na chandarua kama nyumba ya kulala haina. Daftari ni bora kuliko simu kwa kuandikia majina ya mahali, kwa kuwa wenyeji huyatamka kwa namna ambayo ramani hazina. Chakula hakina shida: Pangani utapata samaki na wali wa nazi, na barabara kuu ya Segera ina matunda mwaka mzima. Mabasi ya kwenda Dar es Salaam, Arusha na Tanga hupita Korogwe mchana kutwa, lakini anayetaka kiti cha dirishani upande wa mto na akate tiketi jana yake.